Busu la Mukwe

Jumatatu, 9 Mei 1994
Itangazwe kwa wakaaji wote wa Likasi, kutoka Kikula hadi Koni: leo mimi, fundi wa umeme nisiye na umeme, nimesugua meno mara tatu. Sababu: mazoezi ya busu. Katika mchezo wetu wa kuigiza mimi ni bwana anayerudi kutoka safari ndefu. Mama Odile, mjane, mwimbaji wa kwaya, ni mke wangu. Mwalimu Placide, mkubwa wa kundi, anasema bila busu mwisho hauna chumvi.
Tumejaribu. Nimemgonga pua. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Jumatano, 11 Mei
Leo nimebusu sikio. Nyumbani Julienne, mke wangu wa kweli, amecheka mpaka akakaa chini. "Weye na ile mudomo yako! Hata miye, mwaka muzima ulikuwa unanipata ku shavu." Kweli tupu.

Alhamisi, 12 Mei
Wajomba wa kijana Félix wameleta barua ya posa. Anamtaka binti yetu Béa. Béa anaimba tangu asubuhi. Nimeruka kwa furaha.
Halafu nimekaa. Félix ni mtoto wa Mama Odile. Kwa hiyo sasa Mama Odile ni mukwe wangu. Kwetu mukwe hashikwi mkono, sembuse mdomo.

Jumanne, 17 Mei
Mazoezi mabaya. Mama Odile amesimama upande wake, mimi upande wangu, kama nguzo mbili za umeme. Mjomba mkubwa wa Félix ametuma neno: nikimgusa Mama Odile, ndoa imekufa. Béa hajala.
Nimetaka kuacha. Lakini nani ashike nafasi yangu? Placide, asiye na meno ya mbele? Mama Odile naye hataki kuacha. Amesema huku anatazama ukuta: "Mukwe, batu ya Kikula balicheka lini mara ya mwisho?" Nimeamua kubaki.

Jumamosi, 21 Mei
Mchezo ni saa tisa. Naogopa. Béa ananipigia pasi shati bila neno. Heri angenigombeza.

Jumapili, 22 Mei
Mtaa mzima unasifu akili yangu, eti mimi ndiye niliyebuni mwisho mpya. Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Sikuwa na akili yoyote.
Ulipofika wakati wa busu nilifumba macho, nikatoa midomo kama samaki, nikangoja. Nilimwona mjomba wa Félix mstari wa mbele kabla ya kufumba. Nilijua ninaua ndoa ya mwanangu, na bado nilitoa midomo. Kwa woga nilifuata mazoezi tu.
Hakuna kilichonigusa. Nikafumbua. Mama Odile alikuwa amepiga magoti mbali nami, anapiga makofi taratibu, viganja vikiwa na shimo katikati, vile mukwe anavyosalimiwa. Magoti yangu yalikunjika yenyewe. Nami nikapiga makofi. Maneno yote yalinitoka kichwani.
Yeye akasema neno lisilokuwa katika mchezo: "Umefika." Machozi yakamshuka. Mume wake alikwenda kazini asubuhi moja, hakurudi tena.
Ukumbi uliruka kwa shangwe. Wa kwanza kusimama alikuwa yule mjomba, naye anapiga makofi vilevile. Leo ametuletea kuku jike, na siku ya kuzungumza mahari.
Béa amekula sahani mbili. Watu wanapita wananiita mwerevu, nami nacheka. Lile "Umefika" halikuwa langu. Nililipokea tu, kwa niaba ya mwenyewe, yule mume asiyerudi.