Watu Wanaoikimbia Lami

Kwa kaka yangu Leopold, Nsemulwa, Mpanda.

Shikamoo kaka. Barua yako imefika imelowa kona moja, lakini maneno yote yalisomeka, hata yale niliyotamani yasisomeke. Kabla ya hayo niulize kwanza: shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje? Mama bado anagombana na kuku wa jirani? Na mpunga wa Mpimbwe mmeupata mwaka huu, au mvua imewacheza shere tena? Mimi mzima, ila mwili umechoshwa na viazi. Huku ng'ambo wanakula viazi mchana na jioni, na ukiulizia ugali wanakuletea uji wa mtoto.

Nimesoma uliyoandika kuhusu macho ya Baba. Unasema sasa anamjua mtu kwa kumsikia tu, na kwamba kutwa anakaa barazani amegeuzia uso barabarani, kila kengele ya baiskeli ikilia anauliza, "Nani huyo? Si Gaspari?" Nilipofika hapo niliikunja barua nikaenda kuosha baiskeli ambazo zilikuwa safi. Nataka kuja, kaka. Nataka Baba anikute hai na mimi nimkute hai. Lakini njia pekee niliyoipata ya kuja imepitia kwa watu ninaowadharau, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Nivumilie.

Unajua kuwa tangu nimalize chuo cha ufundi alichonitafutia Padri, nafanya kazi kwa Bwana Henrik, tajiri mwenye duka la baiskeli. Mwaka huu amenipandisha cheo. Zamani nilizitengeneza tu. Sasa nawaongoza wateja wake matembezini. Ukisikia cheo usifurahi mpaka umalize kusoma.

Mji huu ni wa kale. Una daraja la mawe, ukuta ulioliwa na magugu, na mto mpana unaopita taratibu kama mgeni aliyeshiba. Kando ya mto kuna barabara ya lami, laini, hukuti shimo hata la kumtosha panya. Mtu mwenye akili zake angepanda baiskeli hapo akapiga mluzi mpaka anakokwenda. Wateja wetu hawaitaki. Wanaikimbia lami kama sisi tunavyokimbia nyuki. Wanataka vilima vilivyo nyuma ya mji, kwenye barabara za kokoto zenye mawe, makorongo na mavi ya ng'ombe, na kadiri njia inavyokuwa mbovu ndivyo wanavyoisifu. Njia zenyewe zimepewa majina: Njia ya Kinu, Njia ya Watawa, Njia ya Mizabibu. Kila penye njia panda kuna kibao kimechorwa baiskeli, ili mpumbavu asipotee akiwa katikati ya upumbavu wake.

Nikupe kisa kimoja. Mwaka huu halmashauri ya huku iliweka lami kipande cha Njia ya Kinu, kwa kuwahurumia wakulima. Kaka, watu walikasirika! Daktari mmoja wa meno, ambaye ndiye mteja wetu mkubwa, aliingia dukani mikono kiunoni akasema, "Wametuharibia barabara." Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamwuliza, "Wameiharibu kwa lami?" Akasema, "Ndiyo. Imekufa kabisa ile." Nikakumbuka uchaguzi wa vyama vingi, wagombea wa kila rangi wakipanda jukwaani kutuahidi lami mpaka Sitalike, na akina mama wakiipigia vigelegele lami ambayo hawajawahi kuikanyaga. Ningempandisha yule daktari jukwaa lile aseme maneno yake, angerudi kwao hana jino.

Na ungeona wanavyovaa! Kaptula nyeusi za kubana, zimeshonewa kigodoro makalioni. Ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Kifuani wanajifunga mkanda wa kuhesabu mapigo ya moyo, unaolia yakizidi, utadhani moyo ukisimama hawatajua wenyewe. Baiskeli yao ni nyepesi, unainyanyua kwa mkono mmoja, na gia zake hazihesabiki, lakini haina kengele, haina madigadi, haina karia. Baiskeli bila karia! Siku ya kwanza niliuliza mzigo unafungwa wapi. Wakacheka, wakadhani nawatania.

Hawabebi kitu, kaka. Baba alitoka Mpimbwe na gunia la mchele limefungwa kwa mpira, akakatiza mbuga mbung'o wakimla mgongo, akaikokota baiskeli mlimani kwa sababu Mpanda kulikuwa na watu wanaosubiri kula. Hawa wanahema, jasho linawafika viatuni, wanafika juu ya kilima, wanautazama mto, wanakula keki, wanateremka. Niliwauliza, "Huku juu tumefuata nini?" Wakasema, "Mandhari." Daktari wa meno alikuwa ameshika mti analia machozi, anasema hajawahi kujisikia hai kama siku ile. Niliona aibu kwa niaba yake nikatazama pembeni. Mtu akishiba kupita kiasi, hata uhai inabidi aufuate mlimani.

Sasa nifike kwenye mkasa ulionipata. Mwezi uliopita tulikuwa tunateremka Njia ya Watawa, mimi mbele, wao nyuma wamefuatana kwa karibu kama siafu. Kwenye kona nikamkuta bibi kizee amejifunga kitambaa kichwani, anaswaga mbuzi wake. Wewe unajua tulivyolelewa. Mkono ulikamata breki kabla akili haijasema neno. Nikaruka chini, nikailaza baiskeli kwenye majani, nikachuchumaa, nikampigia makofi yetu yale ya kusalimia, taratibu, kichwa nimeinamisha. Nilikuwa namsikia Baba kabisa: "Nyie watoto, mkimkuta mtu mzima njiani mnashuka. Baiskeli isikufanye mrefu kuliko wakubwa zako."

Waliokuwa nyuma yangu hawakulelewa na Baba. Wa kwanza alinikwepa akamwingia mbuzi, wa pili akamwingia wa kwanza, na daktari wa meno akaruka juu ya usukani akatua kwenye majani yanayowasha. Mikanda ya vifuani ikawa inalia yote kwa pamoja. Bibi hakujua ashangae lipi. Alinitazama pale chini, akawatazama wale waliotapakaa, kisha akaweka fimbo yake kwapani akapiga makofi naye, kwa kubahatisha, akaniuliza kama ninaumwa. Tangu nifike huku, huyo ndiye mtu aliyeniitikia salamu vizuri kuliko wote.

Bwana Henrik alinigombeza mbele ya duka zima. "Kiongozi hasimami! Anayetaka kusalimia watu akasalimie Jumapili! Ukishuka tena njiani, umeshuka na kazini." Nikaokota spana nikarudi kazini. Kibali changu cha kukaa kimeshikwa na kazi hiyo, na mtu hawezi kumjibu aliyeshika kamba yake.

Haikupita wiki, akaniita tena. Safari hii uso umelainika na mezani ametandaza ramani ya Tanzania. Vilima vya hapa wateja wamevichoka, daktari wa meno anataka kokoto mpya, na Bwana Henrik amesikia kwamba kwetu hakuna lami. Alilitamka hilo kwa heshima, kama mtu anayekuambia kwenu kuna dhahabu. Anataka kuwaleta kiangazi kijacho, kwa treni kutoka Tabora mpaka Mpanda, halafu baiskeli: Mpanda hadi Sitalike, wakatize mbuga, watokee Mpimbwe. Njia ya Baba. Ile ile. Na kiongozi niwe mimi, nauli juu yake.

Moyo ulinipiga hadi nikatamani ule mkanda wao. Kisha akanyanyua kidole. "Lakini sheria ni ile ile. Hatusimamisimami. Tuna ratiba." Hapo nikajiona napita Nsemulwa, wazee wamekaa barazani, katekista, shangazi, wewe mwenyewe, nami nawapita juu kwa juu kama mtu asiye na kwao. Na Baba amegeuzia uso barabarani. Baiskeli hizi hazina kengele, nimeshakwambia. Angesikia kokoto zikilia tu, na mimi ningekuwa nimeshapita.

Ndipo nami nikakaza uso. Nikamwambia, "Bwana, kwetu asiyeshuka haonyeshwi njia wala hapewi maji. Wote watashuka. Wote watachuchumaa. Wote watapiga makofi. Na pale Nsemulwa kuna mzee mmoja ambaye lazima wakae kwake mpaka jua lizame, la sivyo msafara wote unapata mkosi." Hilo la mkosi nimelitunga, Mungu anisamehe. Nilisubiri anifukuze. Kaka, alichukua kalamu! Aliandika huku anatabasamu, akasema wateja watalipenda mno, huo ndio utamaduni wenyewe.

Kwa hiyo sasa kila Jumamosi nawafundisha nyuma ya duka. Ungekuwepo ungekufa kwa kicheko. Wanachuchumaa wanaanguka, magoti yanalia kama bawaba kavu, daktari wa meno anapiga makofi kama anayeua mbu, halafu ananiuliza kama mwisho wa mafunzo kuna cheti. Jambo ambalo mtoto wa kwetu analijua kabla meno hayajaota, wao wanalitolea jasho. Sijawahi kuwadharau watu kama ninavyowadharau hawa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba sijawahi kuwahitaji watu kama ninavyowahitaji hawa. Bila makalio yao yenye kigodoro mimi sifiki barazani kwa Baba.

Kitu kimoja tu sijawaambia. Hawajui kuwa mbung'o wanapenda nguo nyeusi. Hilo watafundishwa na mbung'o wenyewe wakishaiacha Sitalike. Baba aliilipia njia ile kwa mgongo wake miaka yote. Nao wailipie kidogo kwa walichokikalia. Mimi nitavaa suruali ya kaki.

Niwekee mambo sawa hapo nyumbani. Waambie vijana wa mtaani wasiwazomee hadi watakapokuwa wameshasalimia. Wakishasalimia, shauri yao.

Nisalimie Mama, mwambie asichinje kuku kwa ajili ya wageni, wao wanakula ndizi kavu za kwenye mfuko. Achinje kwa ajili yangu. Shemeji mwambie namshukuru kwa kumshika Baba mkono kila asubuhi, sina la kumlipa zaidi ya kusema hivyo. Shangazi wa Mpimbwe aweke mchele mpya pembeni. Mjomba wa Ugalla naye aniwekee asali, lakini wageni hawa asiwaonyeshe njia ya kwenda kwenye mizinga. Wataipa jina na kuipigilia kibao.

Kuna jambo la mwisho, na hili nakuomba kama mdogo wako. Tutakapofika, usinitaje jina, na Mama umzuie asipige kelele. Tutachuchumaa wote mbele ya Baba kwa mstari mmoja, mimi katikati yao, na tutapiga makofi bila kusema neno. Usimwambie nani ni nani. Nimekaa na watu hawa miaka, kaka. Mikono yangu imezoea spana na glovu, na wakati mwingine pale nyuma ya duka nikipiga makofi pamoja nao, siyasikii ya kwangu kuwa tofauti na yao. Katika njia yote ile, pamoja na simba wake, hilo ndilo ninaloliogopa. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Nitaendelea kupiga mpaka anijue.

Mdogo wako,
Gaspari