Mfuko wa Ndani wa Koti la Baba

Castle Vale, Birmingham
Jumapili, mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa dirishani, ghorofa ya kumi na moja, blanketi magotini, kwa kuwa leo zamu ya mtaa wetu ya kukatiwa umeme imeangukia mchana. Wachimba makaa wamegoma, na makaa ndiyo umeme wa huku. Eliudi amenifunika mabega kwa koti lake, akaenda kunichemshia maji kwa jirani mwenye jiko la gesi. Sisi ni wazima. Je, wewe? Lile goti la kushoto bado linakusumbua ukishuka kwenye lori? Mama kifua kimepoa? Yule mtamba mwekundu amezaa? Tafadhali nijibu moja moja, Baba. Usiandike tu "sote hatujambo" kama ulivyozoea. Hata barua ya msiba wa Nathani ilianza na "sote hatujambo", nami nikausoma ukurasa wote wa kwanza nikitabasamu ndani ya basi.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Unasema tangu kaka Nathani auawe kwenye njia ya kutoka mnadani, unakwenda kununua ng'ombe peke yako. Polisi wamekubali kukupa kibali cha bastola, na unataka mkweo akuchagulie iliyo ndogo, isiyoonekana ndani ya koti, "maana yeye ndiye mtengenezaji". Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi, na kila mara naona aibu. Kosa ni langu. Ngoja nilieleze.

Nilipokuandikia mara ya kwanza habari za Eliudi nilikuwa nimelewa furaha. Najua binti hamsimulii baba yake mambo ya mumewe, unisamehe, lakini hata sasa, mwezi wa nne wa ndoa yetu, furaha hiyo haijanitoka. Jioni nikimaliza kazi ya wodini namkuta ananingoja nje ya hospitali, theluji begani, na viatu vyangu vya nyumbani amevitia kifuani ili nikivivaa kwenye basi viwe na joto. Nani alimfundisha hayo? Nikimwona pale miguu hainiumi tena. Basi nilitaka nawe umwone mkubwa kama ninavyomwona mimi. Nikaandika kwamba anatengeneza bunduki na bastola katika karakana ya Hockley. Ukweli, Baba, ni kwamba hupiga msasa vitako vya mbao vya bunduki za kuwindia ndege, kisha huvipaka mafuta mpaka ving'ae. Ndiyo kazi yake, na anaiweza sana. Bastola hajatengeneza hata skrubu yake moja.

Nilipomsomea barua yako alisema nimempandisha cheo bila mshahara. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Alisema hawezi kukujibu hapana kabla hajajaribu. "Baba amebaki na mimi tu wa kumtuma," akasema.

Basi Jumamosi iliyopita nilikwenda Hockley. Nilichukua koti nililokununulia, la sufu, kijivu kilichoiva, refu kama lile lako la zamani, na mfuko wa ndani upande wa kushoto kama lile lile. Mwishoni mwa karakana yao anakaa Fundi Pritam, Singasinga aliyetengeneza bunduki za wazungu Nairobi miaka mingi kabla ya kuhamia huku na jamaa yake. Aliposikia natoka upande wa Voi alinivutia kiti, akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi, na Kiswahili chake, Baba, kilinirudisha nyumbani kwa mlango wa nyuma.

"Baba yako mkono yake namna gani? Kubwa?"

Nikamwambia ni mkubwa, mkono wa mtu wa kamba na ng'ombe, ila kidole cha shahada cha kulia kilivunjwa na dume na hakikunjiki sawasawa.

"Basi hii hapana," akasema, akaiweka kando bastola ndogo bapa ambayo ndiyo niliyokuwa nimeipenda, kwa kuwa ilikuwa nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Akaeleza kwamba inajificha vizuri, lakini springi yake ni ngumu na inataka vidole vinavyotii. Akatoa nyingine, ya kuzungusha risasi, yenye mtutu mfupi. "Hii iko nene kidogo kwa mfuko, lakini hapana gomba na mwenyewe."

Aliniuliza mengi. Kama unavaa mkanda au kamba ya suruali. Kama kwenye lori unakaa mbele au juu na ng'ombe. Kama macho yako bado yanaona mbali. Sikujua kwamba kuchagua kitu kidogo hivyo kunataka kumjua mtu mzima mzima. Nilijibu yote kwa fahari, kama mtoto anayeulizwa darasani habari za baba yake. Kisha akashika koti, akageuza bitana.

"Na hii mfuko, nani ingine natia mkono?"

"Hakuna," nikajibu upesi. "Ni koti la baba."

Mwisho aliuliza kama kaka yangu alimwona mtu aliyemuua. Nikasema hapana, alipigwa kwa nyuma alipoinama kumfungua ndama aliyejinasa kwenye kamba. Fundi Pritam aliifunga ile silaha katika kitambaa cha mafuta, akamalizia chai yake.

Sheria ya huku hairuhusu silaha itoke mle ndani hata hatua moja bila hati, kwa hiyo Eliudi alichonga mfano wake kwa kipande cha mti wa jozi, saizi ile ile, akatia madini ya risasi yaliyoyeyushwa tumboni mwake ili uzito ulingane. Alitumia saa zake za chakula siku nne. Mimi nikashona ngozi laini ndani ya mfuko, nikaongeza kina, kama ulivyoagiza. Halafu jana tukaenda kulijaribu. Nililivaa koti mimi, tukashuka barabara ya maduka ya Harborne, naye akanifuata nyuma kama mpelelezi aone kama panavimba. Alinipita, akarudi, akaninong'oneza, "Mama, silaha yako inamtazama muuza nyama." Tulicheka hata tukashikana mikono ili tusianguke kwenye barafu. Kisha nikakumbuka tulichokuwa tunakijaribu, na kwa nini, na kwamba Nathani ndiye aliyekuwa ameahidi kuja kunishika mkono siku ya ndoa yangu. Uliandika tusiahirishe, nasi hatukuahirisha. Niliingia kanisani peke yangu, Baba. Sikukwambia.

Tulirudi nyumbani na koti bado nimelivaa. Mlango wa pili anakaa mama mmoja anayefanya kazi kiwanda cha matairi, na binti yake Julie, miaka mitano, hushinda kwetu Jumamosi nikiwa sina zamu. Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuandikia kwa sababu nililiona dogo. Tangu nifike nchi hii naweka peremende kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, upande wa kushoto. Nilizoea kwako. Mimi na Nathani tulikuwa hatusubiri uvue kofia, mikono ilikuwa imeshaingia, nawe unasimama umeinua mikono juu kama mtu anayekaguliwa na polisi. Julie nimemzoeza hivyo hivyo.

Basi nilipofungua mlango wetu alikuja mbio kutoka kwao, akanikumbatia kiunoni, akatia mkono.

Mfuko ulikuwa wa kina. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ulipotoka ulikuwa umeshika kile kipande cha mti, kwa namna sahihi kabisa, maana watoto wa huku wanaviona kwenye televisheni. Alifurahi. Akamlenga Eliudi kwenye paji la uso, akatoa mlio kwa mdomo, akangoja aanguke. Eliudi huwa anamwangukia kila mara, hata kwa mwavuli, hata kwa ndizi. Safari hii hakuanguka. Alipiga goti, akakitoa kile kitu taratibu katika vidole vyake, kimoja kimoja, akampa peremende kutoka mfuko wake mwenyewe. Kisha akaenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya sinki, bomba limefungwa, anaosha mikono bila maji.

"Nimeichonga vizuri mno," akasema.

Nilitoa barua yako, nikaisoma tena. Ukurasa wa pili ndio wa bastola. Ukurasa wa tatu umeniandikia habari za Wakio, mtoto wa marehemu, kwamba tangu wamzike baba yake hakubali kulala mchana ila kifuani mwako, na hata usingizi ukimchukua mkono wake hautoki kwenye mfuko wa koti. Ulisema una furaha kwamba angalau kuna mahali anapopata usingizi. Kurasa mbili za barua moja, Baba. Wewe uliyeziandika hukuona, na mimi niliyezisoma sikuona. Na Fundi Pritam aliponiuliza, nilimjibu hakuna.

Hatutakuchagulia. Eliudi angekuandikia mwenyewe, lakini nimemwambia jibu hili ni langu, kwa kuwa uongo uliolianzisha ni wangu. Usiudhike naye.

Usidhani naidharau hofu yako. Siitembei njia ile. Nakaa mahali ambapo mtu ananipashia viatu moto, na kuna siku naona haya kuwa na furaha kiasi hiki wakati Nathani yuko chini ya ardhi. Nimewaza pia kwamba ukipatwa na jambo njiani na mfuko mtupu, mimi ndiye niliyeufanya mtupu. Wazo hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, na nadhani nitazeeka nalo. Tunachokuomba ni kwamba usiondoke mnadani peke yako. Subiri lori la wenzako, hata wakikuchelewesha, hata wakikuudhi kwa makelele yao.

Koti litakuja na muuguzi mwenzangu anayekuja likizo baada ya Pasaka. Ngozi nimeifumua. Mfuko nimeurudisha kina chake, nikaujaza peremende. Kile kipande cha mti Eliudi amekichonga upya, kimekuwa ndama, kimelala humo humo. Mbao haikutosha kumtolea pembe.

Najua Nairobi kuna maduka, na kibali unacho, na huhitaji ruhusa ya binti yako. Ukiamua kuinunua sitakuandikia neno la kukulaumu. Ila nakuomba jambo moja. Siku hiyo, kabla hujalivaa koti, mkalishe Wakio mbele yako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mfuko ule si wake tena. Usimwachie Mama. Usimwachie wifi. Mwambie wewe, halafu uniandikie alijibu nini.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kifua inakuja na koti. Nisalimie wifi yangu, mjane wa kaka. Sijui nimwambie nini, mwambie tu namkumbuka kila ninapovaa kitambaa alichonifumia. Msalimie shangazi wa Mwatate, aliyetabiri sitaolewa kwa ajili ya maneno mengi. Mwambie nimempata asiyechoka kuyasikia. Mkweo Eliudi anakuamkia, ameinama hapa pembeni kana kwamba unamwona.

Na Wakio nimsalimie vipi kutoka huku? Koti likifika usilikague kwanza. Livae, ukae, umwite. Yeye ndiye awe wa kwanza kutia mkono.

Binti yako anayekupenda,
Damaris