Mulevi wa Filme Amerudia

Yaya Wilondja,

Amuka kidogo, kisha utalala tena. Umeshinda! Yule mulevi wa filme, mwenye tumbo, amerudia!

Unakumbuka filme ya kwanza bapadri balituonyesha hapa Baraka, ile ya bacowboy na ng'ombe mingi? Ulisimama pembeni ya shuka yenye filme inaonekana, na fimbo yako ya matete, unatuelezea yote kwa Kiswahili. Mulevi akapigwa risasi, akakufa. Bamama bakalia. Mama Sifa akafunga kitambaa ya matanga kichwani! Wewe ukacheka: "Mulie pole pole. Mwenye kutengeneza filme iko na bantu yake, kama équipe ya mpira. Huyu atarudia."

Bakakuita muongo. Asukulu, fundi wa nguo, alisema vile hata siku ya kukuzika: "Tunazika muongo, lakini muongo muzuri." Bantu bakacheka. Mi sikucheka, yaya. Na unanijua, mi nacheka hata wakati ya sindano.

Basi nikawekeana naye sharti mbele ya bote. Mulevi akirudia, Asukulu atasimama mbele ya shuka aseme ulisema kweli. Asiporudia, natupa fimbo yako, ile uliniachia, mu ziwa, sitaeleza filme tena.

Jana camion, ile gari kubwa ya bapadri, ikafika. Filme ingine, lakini milima ni ile ile. Yule murefu wa filme ya kwanza, mwenye kutembea kama kiatu inamubana, akatokea. Yule mwembamba mwenye ndevu, naye akatokea. Nikajua: équipe ni ile ile. Lakini mulevi, hapana. Filme inaenda, inaenda. Asukulu anakohoa. Nasahau hata kueleza.

Halafu mulango ya baa ikafunguka. Tumbo kwanza. Kofia nyuma. Ni yeye, na chupa yake!

Kelele, yaya! Padri alifikiri kuna moto. Mama Sifa akamufokea mulevi: "Weye baba, tulikulilia bure!" Na bantu bote baliita jina yako: Wilondja! Wilondja!

Asukulu akaenda mbele, farasi za filme zinakimbia ku shati yake: "Wilondja hakuwa muongo." Nikamuambia sikusikia muzuri, arudilie. Akarudilia, na machozi.

Fimbo iko kwangu. Kila filme, kabla ya farasi ya kwanza kutokea, nitataja jina yako.

Lala muzuri, yaya. Na siku utachoka kulala, rudia tu. Hapa Baraka sasa bamezoea, hakuna mwenye atakimbia.

Mudogo yako,
Alimasi