Vijiti Viwili vya Memori

Jumatatu, 19 Aprili 1999

Umeme umekatika tena kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimeshamaliza kompyuta mbili. Ya kwanza ya mwalimu mmoja, analia imekufa. Kumbe kasahau disketi ndani, mashine inahangaika kuwakia humo. Nimeitoa, ikawaka. Mwalimu kaona haya. Ya pili kila ikizimwa inasahau tarehe. Betri ya saa imekwisha, basi. Watu wa Magoudjou, mtaa wetu hapa Moroni, wakiona kitu kama hicho wanadhani wamerogwa. Mimi naona vumbi tu.

Ya tatu ni ya Dada Zalhata, jirani yangu. Inapiga mlio, haitoi picha. Yeye ni mtu wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, mjane, ana watoto wawili. Anaishi kwa kuwachapia watu barua za kazi na karatasi za shule. Mashine ikilala, nyumba nzima inalala. Nimemwambia aje Alhamisi.

Naandika Kiswahili nilichokipata Dar nilikosomea ufundi. Yusufu, mume wangu, hajui kukisoma. Afadhali.

Jumatano, 21 Aprili

Ya Dada Zalhata imepona. Vijiti vya memori vilishika uchafu wa chumvi ya hewa. Nimevichomoa vyote viwili, nimevisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nimevirudisha mpaka vikasema tak. Picha hiyo! Nimejisifu mwenyewe jikoni, hakuna aliyenisikia.

Alhamisi, 22 Aprili

Bwana mmoja wa mji wa Ntsoudjini kaja na kompyuta yake kwenye taksi. Binti yake anaolewa, arusi kubwa, ya mji mzima. Kadi za mwaliko zimo ndani ya mashine, na mzee wa ukoo asipopata kadi yake kwa wakati ni ugomvi wa miaka. Umeme unaopanda na kushuka umemuunguzia vijiti vya memori. Moroni nzima havipatikani.

Yusufu naye ni wa Ntsoudjini. Alinikodolea macho tu.

Nimechomoa vya Dada Zalhata nikampa. Mafundi wote tunafanya hivyo, unaazima huku unaziba kule. Dada Zalhata alipokuja nimemwambia arudi Jumatatu, bado naijaribu. Kaniambia hewala, mdogo wangu. Hakuuliza hata swali.

Jumatatu, 26 Aprili

Mji umechafuka. Wanasema kwenye mkutano kule Madagaska wajumbe wa Ndzuani wamekataa kutia saini, hawataki tena kuwa nchi moja na sisi wa Ngazidja. Vijana wanapita mitaani wanauliza nani hapa wa Ndzuani. Taksi haziwapakii. Nimefunga mlango.

Sikwenda Ntsoudjini kudai vijiti. Niliogopa njia. Si kweli, niliona aibu kumsumbua bwana mkubwa katikati ya arusi.

Jumanne, 27 Aprili

Dada Zalhata kaja asubuhi na watoto wake na mzigo mmoja wa nguo. Kuna meli inawachukua watu wa Ndzuani. Kapewa muda mfupi sana. "Nipe mashine yangu, mdogo wangu. Imepona?"

Nikasema imepona.

Ulimi wangu wenyewe. Nilikuwa naweza kumwambia subiri, nimeazima vijiti vyako. Badala yake nikatafuta boksi zuri, nikazungushia mashine mashuka, nikafunga kamba vizuri sana. Mtu hafungi hivyo ila ana lake. Kanikumbatia, kanishukuru, akalia. Nikamsaidia kubeba mpaka barabarani. Nimembebesha mashine isiyo na vijiti, tena kwa tabasamu. Astaghfirullah.

Mimi nilizaliwa Mahajanga, Madagaska. Wakomoro tulipofukuzwa kule nilikuwa mtoto, na mama alishika cherehani yake tu, mengine yote akayaacha. Mtu anayefukuzwa anashika kile kitakachomlisha. Nalijua hilo kuliko watu wengi hapa mtaani, na bado nimemnyima.

Ijumaa, 30 Aprili

Jeshi limeshika serikali. Redio inapiga muziki. Watu wamekaa kimya majumbani. Mimi nawaza memori. Najichukia.

Jumanne, 11 Mei

Baharia wa boti ya kisiwa cha Mwali kaniletea salamu za mdomo kutoka Mutsamudu. Dada Zalhata kafika salama. Mashine inapiga mlio, haitoi picha. Kamwambia baharia aniambie nisisikitike, kazi yangu ilikuwa nzuri. Wa kulaumiwa ni kaka yake Bakari, kuli wa bandarini, aliyelipokea boksi gatini likamponyoka mkononi. Tangu siku hiyo Dada Zalhata hasemi naye. Kamfukuza mlangoni mbele ya watu. Anauliza kama kuna dawa.

Baharia anakunywa chai yangu, ananisimulia kama kichekesho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano, 12 Mei

Bakari hakuharibu kitu. Boksi lingeanguka, lisingeanguka, ilikuwa vilevile. Mwenye kosa amekaa Magoudjou anafuta vumbi kibodi za watu.

Sijala leo. Yusufu anadhani nina homa.

Jumamosi, 15 Mei

Nimekwenda Ntsoudjini. Arusi bado, eti kwa hali ya nchi wameisogeza mbele. Bwana kaniambia kwa upole niwe na subira. Sikuwa na nguvu za kugombana. Ningegombana na nani, kwani yeye ndiye aliyesema imepona?

Nimerudi nyumbani nikafungua kompyuta yangu mwenyewe, ile ninayojaribia za watu. Vijiti ni vya aina moja. Nimevitoa. Yusufu kaniuliza sasa nitafanya kazi na nini. Ndipo nikamwambia yote.

Kafikiri kidogo. Kasema mpe baharia avipeleke, mwambie Zalhata hiyo ndiyo dawa. Mashine itawaka, atafurahi, kuna haja gani ya kusema zaidi? Ana akili mume wangu. Nimekaa na shauri hilo jioni nzima na limenipendeza, loo, limenipendeza mno. Lakini mashine ikiwaka kwa dawa yangu, Bakari anabaki aliyeiangusha.

Nakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 20 Mei

Mutsamudu. Nimepitia Mwali, nimetapika njia nzima. Bandarini wameniuliza natoka wapi, nikasema Mahajanga. Uongo mwingine, ingawa nusu.

Dada Zalhata kanipokea kwa kelele za furaha. Kaita majirani, tazameni, mdogo wangu kavuka bahari kwa ajili yangu, na mnasema watu wa Ngazidja wote wabaya! Kila neno lilinichoma. Nimeikalia mashine nikiwa nimewapa wao mgongo, sikutaka wanione uso. Vijiti vikaingia. Picha ikatoka. Watoto wakapiga makofi.

Majirani walipoondoka nikamwambia. Vijiti vyako vilikuwa Ntsoudjini. Bakari hakuharibu kitu.

Kaniuliza: "Siku ile mlangoni kwako, ulijua?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Kajitanda nguo yake ya shiromani, kavaa viatu, katoka kwenda kumtafuta kaka yake. Kaniacha na watoto na mashine inayounguruma.

Jumamosi, 22 Mei

Boti ya Mwali inaondoka leo. Jana baada ya sala Bakari alikuja kula. Dada Zalhata alimwomba radhi mbele yangu, mikono yake yote miwili juu ya goti la kaka yake. Bakari akasema yamekwisha. Ni mtu mkubwa wa mwili, sauti ndogo. Nami nikamwomba radhi. Akaniambia pia yamekwisha, haraka haraka, kama mtu anayetaka tuzungumze mengine. Tukala wali na samaki. Dada Zalhata aliniwekea kipande kizuri lakini hakunitazama.

Asubuhi hii Bakari kaja kunisindikiza gatini. Nimemwambia mkoba wangu ni mwepesi, nguo mbili tu, nitaubeba mwenyewe. Hakukubali. Makuli wenzake wanapita na magunia begani, wanaruka mitaro, wanataniana. Yeye kaushika mkoba wangu kwa mikono miwili, kifuani, akishuka ngazi moja moja huku akiangalia pa kukanyaga.