Majina Kumi ya Asubuhi

Jumatatu, 4 Novemba
Siku ya tatu kwa Madam Kendi, mtafiti wa usingizi na sauti, hapa Kaaga karibu na mji wa Meru. Mambo ni yale yale. Jioni ananivalisha vidude vya masikio nisikilize D mbili za Wahindi. Moja ulimi uko kwenye meno, nyingine ulimi umejikunja nyuma. Kisha majina kumi ya wanachama wa kiwanda chetu cha kahawa, Githongo. Nasikia, narudia. Halafu nakwenda kulala kwa Tata, dada ya mama, nyumba ya tatu kutoka hapo. Asubuhi saa moja narudi, ananipima nimebaki na nini.
Anasema mtu akilala akili hupanga sauti alizosikia. Nikamwambia akili yangu haijawahi kulala. Akacheka. Wanawake wote hunichekea.
Leo: matatu kwa kumi. Mwalimu wa nasari anayepimwa pamoja na mimi: tisa. Ana kichwa kama kabichi. Lazima vitu vikae.

Jumanne, 5 Novemba
Niandike sababu ya kuja kwa Madam, maana mimi ni bingwa wa kusahau.
Kiwanda kinataka mwitaji. Mzee Rukunga amechoka, anarudi shambani. Mwitaji husimama kwenye mizani akiita jina la mkulima na kilo zake, foleni yote isikie, mtu asipunjwe. Ukikosea jina, foleni inasimama na watu wanagombana mpaka giza. Ni kazi ya heshima. Mtu akikupita sokoni anakusalimia kwanza.
Mwenyekiti alinicheka nilipoomba. "Koome? Si wewe ulianza kuongea ukiwa na miaka mitano?" Lakini atanijaribu Jumamosi ya tarehe 16, mimi na Nkatha, msichana wa kijijini kwetu. Nkatha ana kidato cha nne. Mimi nina kidato cha pili na sura.
Shuleni walidhani mimi ni kiziwi. Sikuwa. Neno jipya linaingia, linazunguka, linatoka. Matusi tu ndiyo hukaa. Nina miaka ishirini na mbili na bado jina la mtu mgeni linanivunjikia mdomoni kama biskuti. Ndiyo maana naita kila mtu "msee". Watu hufikiri ni madaha.

Jumatano, 6 Novemba
Mawili kwa kumi. Kabichi: kumi.
Nimekasirika. Nimeenda mjini kwa Muthomi, anauza miraa, ile ya kufukuza usingizi, kwao ni Kianjai inakolimwa. Nikamweleza. Akanitazama kama mgonjwa.
"Unataka kusoma, halafu unaenda kulala? Brathe, nani alikuloga?"
Ni kweli. Hapa kwetu nani hufanya jambo la maana akiwa amelala? Dereva akiwa na safari ndefu hutafuna. Askari wa lindo hutafuna. Wanafunzi wakikaribia mtihani hutafuna mpaka mashavu yanavimba. Madam amesoma vitabu vya mbali. Mimi ni mtoto wa Meru.
Nimebeba kifungu, chingamu na karanga.

Alhamisi, 7 Novemba
Kumi kwa kumi. Narudia: kumi kwa kumi. Saa kumi alfajiri, peke yangu, naita majina ukutani kama mhubiri. Kichwa ni moto. Nkatha ajiandae kulia.

Baadaye. Asubuhi kwa Madam: moja. Hizo D zote mbili zilikuwa kitu kimoja.
"Ulilala, Koome?"
"Kama mtoto mchanga, Madam."
Akaandika kwenye daftari lake.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimerudia. Nilifikiri jana nilitafuna kidogo mno. Moja tena.
Tata ameokota vijiti vya miraa chini ya kitanda. "Hii ni nyumba ya maombi. Si stoo ya Kianjai." Amefagia mwenyewe bila kuniangalia. Hilo lilinichoma kuliko maneno.

Jumatatu, 11 Novemba
Madam amenifungulia daftari. Kabichi na wenzake, mstari unapanda kila asubuhi. Wangu unalala chini kama nyoka aliyekufa. Akasema polepole, kama mtu anayebeba mayai, kwamba huenda kwangu usiku haushiki sauti. Ameona wengine waliochelewa kuongea wakiwa hivyo.
Nilipaswa kusema. Sikusema. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Anahesabu usiku ambao sikulala. Nikilala, nitakuwa kama kabichi. Nina siri, na siri yangu inanipendelea.

Jumanne, 12 Novemba
Nimesema. Tata alinitisha kwamba asingenyamaza, basi heri nianze mimi.
Madam hakunifokea. Alizikata zile siku mbili daftarini kwa mstari, kwa rula. "Mimi umenidanganya kidogo. Wewe umejidanganya sana." Akasema miraa hainyimi mtu maneno, inamnyima ile saa ya kuyaweka.
Zimebaki siku nne. Muthomi amepiga simu mara tatu. Sijashika.

Jumatano, 13 Novemba
Nimelala saa tatu usiku. Tata aliomba sana, akataja jina langu na kiwanda. Nimeamka saa kumi na mbili bila kuota.
Matatu.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimelala tena, kwa saa nane nzima. Matatu. Ya wiki jana yamebaki mawili. Kabichi ameulizwa ya wiki jana, akayataja yote huku akifunga kamba za viatu.
Nimemwuliza Madam wazi wazi. Akajibu wazi wazi. Wengine usiku huwafanyia kazi. Wengine usiku huwapitia tu. Hajui kwa nini. Si uvivu, si laana. Itabidi nirudie mchana, mara nyingi kuliko wengine, miezi mingi.
Nimemchukia. Nimejichukia pia. Nikitafuna nilikuwa na sababu. Nililaumu kifungu cha miraa. Sasa nimelala kama watu wote, na hakuna wa kulaumu.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimerudi nyumbani Githongo. Mama amepika githeri, mahindi na maharagwe. Sikutaka kuandika leo.

Jumamosi, 16 Novemba
Foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Mzee Rukunga alikuwa akitunong'onezea kila jina mara moja tu. Nkatha alianza. Majina ishirini, hakukosea, sauti kama kengele. Simpendi lakini nimeandika ukweli.
Zamu yangu. La kwanza sawa, la pili sawa, la tatu sawa. Nikaanza kuringa, nikaweka mkono kiunoni. La nne Mzee Rukunga alininong'oneza, nikalirudia nusu, nusu nyingine ikaanguka. Watu wakacheka. Nikafanya ninachofanya siku zote, mzaha. Nikaita, "Yule mama wa gunia la viraka, kilo thelathini na mbili!" Walicheka zaidi. Nilidhani nimeshinda.
Mwenyekiti hakucheka. "Kijana, hapa hatuiti watu kwa magunia yao."
Yule mama alikuja mpaka kwenye mizani. Mzee sana, vidole vyeusi kwa kahawa. Akaniambia jina lake mara mbili, taratibu, bila hasira, kama unavyomfundisha mtoto. Nikalirudia. Lilitoka safi. Akashukuru.
Akaweka gunia la pili. Mwenyekiti akaniangalia. Foleni yote ikaniangalia. Nilikuwa nimelisahau.
Yule mama aliangalia chini. Mzee Rukunga akampa Nkatha kalamu yake ya kuandikia kilo.

Jumanne, 19 Novemba
Nimepewa kazi ya kugeuza kahawa kwenye meza za kukaushia. Meza kumi na nne. Unapita na mkono, unageuza, unaokota mbovu. Mwenzangu ni babu asiyependa maneno. Tumefanya kazi mpaka saa nane.
Kutoka mizani nasikia Nkatha akiita. Nasikia kila jina vizuri, kisha linatoka.
Madam ametuma ujumbe. Nije Alhamisi alasiri, tuanze na majina mawili tu. Sijajibu.
Wingu lilishuka kutoka mlimani. Tukafunika meza kwa nailoni, mimi upande huu, babu upande ule. Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha. Tukafunua tena.