Chandarua chenye Vifungo

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Jengo la Madobi wa Hospitali.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Hujambo? Mgongo je? Kile kiti cha ofisini ulichokilalamikia, wamekubadilishia au bado unakaa upande kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani? Mama anauliza kama unakula. Nimemwambia picha uliyotuma inaonyesha unakula kwa niaba ya ukoo mzima. Amefurahi sana, kwa hiyo usipunguze.

Sisi, tumshukuru Mungu, wazima. Nasema wazima nikiwa nimeinua kichwa, maana miezi miwili iliyopita nisingethubutu kuliandika neno hilo. Nina habari, tena nzuri, na nimewakataza wote wasikupigie simu, kwa kuwa mambo haya yanataka kusimuliwa na mwenye nayo, yaani mimi. Ole wako uruke kwenda mwisho.

Unajua mdogo wetu Kimya mimba mbili zimeshamharibikia. Hii ya tatu ilipofika mwezi wa sita nayo ikaanza kuleta maneno, daktari akamlaza wodini, asiinuke mpaka ajifungue. Moyoni nilifurahi. Kutoka kwenye cherehani yangu mpaka kitandani kwake, kitanda cha saba, ni hatua arobaini, nilizihesabu. Nikasema huyu sasa yuko chini ya jicho langu na chini ya chandarua nilichokishona kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa nikueleze hali ya hewa, na usidhani nimeishiwa maneno. Unakumbuka mwezi kama huu tulivyokuwa tunakwenda shule tukitoa moshi mdomoni? Mama alitufunga skafu mpaka tunashindwa kugeuza shingo. Siku hizi hakuna hiyo. Sanduku la masweta huu ni mwaka wa nne halijafunguliwa. Mvua nazo zikija haziagi. Tukawa tunasema ah, angalau tumepumzika baridi, tukajiona wenye bahati.

Mwezi wa nne ikaingia homa. Kichwa, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vimetwangwa. Kidingapopo, yaani dengi. Wazee wa hospitali wakabisha, wakasema huo ni ugonjwa wa nchi za joto kule chini, huku kwetu haujawahi kukanyaga. Basi ulikuwa umekanyaga, tena umevua na viatu.

Mama wa kitanda cha nne alikuja na shinikizo la damu, hana homa hata kidogo. Siku ya tisa akaanza kutetemeka. Akafuata wa kitanda cha tano. Halafu mhudumu anayepiga deki. Kimya yuko cha saba, hesabu mwenyewe. Daktari wetu kijana, yule tunayemwita Miwani, akanivuta koridoni akaniambia homa ile ikimpata mjamzito karibu na kujifungua inaweza kumtoa damu isiyokamatika.

Na kama hiyo haitoshi, minong'ono ikaanza, eti neti za Sindano zinavuja. Mimi! Miaka kumi na tisa nashonea hospitali hii! Nilivishusha vyandarua vyote ishirini na vinne, nikavinyoosha dirishani kimoja kimoja. Hapakuwa na tundu la kupitisha hata hasira yangu.

Hapa lazima umjue Sista Rula, msimamizi wa wodi. Jina nilimpa mimi, usimwambie mtu. Anatembea na rula mfukoni, na shuka lisiponing'inia sawasawa pande zote, kitanda kinatandikwa upya mgonjwa akiwa juu. Amri yake moja ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi vyandarua vyote visokotwe na kufungwa fundo juu, mpaka jioni. Wodi ionekane nadhifu. Hakuna aliyebisha, kwani mbu si mdudu wa usiku? Hata mimi nilijua hivyo.

Siku moja saa tatu asubuhi nimekaa kando ya Kimya napinda shuka la mtoto, nikaumwa kifundoni. Nikampiga huyo mbu kofi akabaki pale pale kwenye kitambaa cheupe. Mweusi, miguu ina mistari myeupe kama kavaa soksi za mpira. Nikamchoma pini kitambaani, nikampeleka kwa Miwani. Miwani karibu aanguke na kiti. Huyu, huyu ndiye! Akanieleza kwamba huyu huuma mchana kweupe, na hutaga kwenye maji safi yaliyotulia. Zamani hata akisafiri akafika huku, baridi ilimmaliza kila mwaka. Sasa baridi imekosa nguvu, naye amehamia na familia. Akishamnyonya mgonjwa mmoja, baada ya siku kadhaa anampelekea mwingine. Kumbe mchana kutwa tunamwandalia meza, na kitambaa cha meza tumekikunja wenyewe!

Nikamwambia, haya, nenda kamweleze Sista. Akaanza kufuta miwani. Aliifuta mpaka nikaelewa kwamba haendi.

Nikaenda mwenyewe. Sista alinisikiliza nusu, akaniambia, "Fundi, rudi kwenye cherehani yako." Basi ikawa vita. Mimi nakishusha chandarua cha Kimya, yeye anakifunga. Nakishusha, anakifunga. Siku tatu. Wagonjwa wakawa wanatugeuzia shingo huku na huku kama wanaotazama mpira.

Siku ya nne nilichukua uzi mnene wa kushonea magodoro. Nikaushona upindo wa chandarua kwenye godoro, kuzunguka kote, Kimya akiwa ndani! Ubavuni nikamwachia mlango wenye vifungo vinane vikubwa vya makoti ya madaktari. Kimya, unamjua, mtu wa kucheka mara moja kwa mwaka, alicheka mpaka nikaogopea mimba.

Lakini kuna jambo nataka nikuambie bila kuficha. Asubuhi ile ile, kabla sijaenda wodini, nilikuwa napiga pasi. Nikatia mkono kwenye kopo langu la maji ya kunyunyizia nguo, nikaona vinacheza. Viluwiluwi, Kijiko. Vimejaa. Mimi niliyekuwa natembea na pini kama askari, nilikuwa nawafuga chumbani kwangu. Ningeweza kuyamwaga na hakuna ambaye angejua. Nilisimama na lile kopo, nikamkumbuka mhudumu wa deki, ambaye huja kwangu kila siku kuchukua vitambaa. Nililia.

Kwa hiyo Sista Rula alipokuja na mkasi mimi nilikuwa namsubiri na kopo kwapani. Akakata kifungo cha kwanza, kikadondoka sakafuni. Nikamsogezea kopo nikamwambia, "Sista, hawa nimewafuga mimi, kwa maji safi kabisa. Mimi ndiye wa kwanza kukosa. Sasa nakuomba tutazame maua yako."

Ana vyungu kumi na viwili vya maua pale madirishani, kila kimoja na kisahani chake, na anavinywesha kwa kipimo. Akaenda, akainua chungu cha kwanza mwenyewe. Akatoa rula akakoroga maji ya kisahani, yakachangamka. Cha pili vile vile. Alipofika cha tano alikaa. Alikaa kwenye kitanda cha nne kilichotandikwa, Sista Rula huyo huyo!

Nilidhani ningefurahi kumwona vile. Sikufurahi, nilimletea maji ya kunywa. Aliyachungulia kwanza, tukajikuta tunacheka wote wawili.

Aliponyanyuka, ndugu yangu, hakuwa na simile. Visahani vyote vilimwagwa na kujazwa mchanga. Kila chandarua kishuke usiku na mchana, na kila kimoja kiwe na mlango wa vifungo kama cha Kimya. Vifungo mia na tisini na viwili kwa wodi nzima! Nivitoe wapi? Ndipo nikalikumbuka sanduku. Nilikata vifungo vya masweta yetu yote, majirani wakaleta vya kwao, na makoti ambayo hakuna mwenye kuyavaa tena. Sweta lako la shule nalo limo, limelinda kitanda cha kumi na moja. Wanaume wa mtaa huu hawana koti linalofungika, na hakuna aliyeuliza.

Miwani alipata sauti siku hiyo, na haijapotea. Kila Ijumaa anapita mitaani na megafoni, watu wanapindua makopo, wanafunika mapipa, wanatoboa matairi mabovu yasishike maji. Homa haijaisha mjini, siwezi kukudanganya. Wagonjwa bado wanakuja, lakini wanalala ndani ya vifungo na wanatoka bila kumwachia jirani. Mhudumu wa deki amerudi kazini, na wale mama wawili wamepona. Tangu mwisho wa mwezi wa nne hakuna hata mtu mmoja aliyeipatia homa wodini kwetu. Hata mmoja!

Sasa kaa vizuri. Alhamisi, saa nne asubuhi, Kimya amejifungua msichana, kilo tatu na robo, mzima, ana sauti ya kuuza samaki. Mama yake naye alipiga kelele mpaka madobi wakazima mashine, kwa hiyo jina la Kimya tumelizika rasmi. Umekuwa mjomba! Shemeji yetu, dereva yule mwenye maneno mengi, alipokabidhiwa mtoto hakuweza kutamka hata neno moja.

Jioni ile Sista Rula aliingia chumbani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Nilikuwa namalizia chandarua kidogo cha mtoto. Hakusalimia, alitoa kitu mfukoni akakiweka mezani. Kilikuwa kile kifungo alichokikata. Alikuwa amekihifadhi muda wote huo, pamoja na rula yake.

"Kishone," akasema. "Na huyu anahitaji mlango."

Nimekishona juu kabisa, kwa uzi mara mbili. Mpwa wako amelala ndani yake sasa hivi ninapoandika, saa saba mchana, na jua linawaka.

Mama anakusalimu, shemeji anakusalimu, na aliyekuwa Kimya anasema ukija uje na masikio mapya. Msalimie mwenzako unayeishi naye, na mkague vyungu vya pale kwenye baraza lenu. Uliandika kwamba joto la huko nalo halitaki kwisha. Mungu akufunike wewe, mchana na usiku.

Ni mimi dada yako, ambaye upendo wake kwako haujawahi kufumuka,

Sindano.