Siku Karasha Zilipozimwa

Kaka Marwa,

Nimekalia stuli yako. Usinikasirikie, hakuna mwingine wa kuikalia.

Mama yako anataka kuuza zile mazabodi za kompyuta ulizotupia kwenye kiroba ukisema zimekufa. Amepata mtu anayezichoma atoe dhahabu iliyomo. Hapa machimboni siku hizi hata kompyuta inachimbwa. Anakuja Jumamosi.

Sasa nisikilize. Siku tuliyokuzika, mtaa mzima ulizima karasha, hakuna mashine iliyosaga mawe ya dhahabu. Nilitumwa hapa dukani kwako kuchukua spika ya msibani, nikaikuta mazabodi ya mwisho bado iko mezani, vilevile ulivyoiacha. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nikawasha lile gemu la magari ulilopimia zote: prosesa ileile, memori ileile, unabadilisha mazabodi tu, macho kwenye namba ya kasi pembeni ya skrini, na wateja wakidhani unacheza.

Siku zote namba iliporomoka, skrini ikaganda. Siku ile haikuganda. Gari lilizunguka, likazunguka, nami nalia peke yangu. Asubuhi yake karasha zilipowashwa nikajaribu tena. Taa ikafifia, gari likasimama.

Haikuwa mazabodi, kaka. Ni umeme. Karasha zilikuwa zinaumaliza.

Nakumbuka ulivyofuta mikono ukaniambia, "Gati, ufundi umenitoka. Acha nikajaribu shimoni." Haukukutoka. Nina hasira na karasha, na shimo lililokufukia, na wewe pia. Kwa nini ulikata tamaa mapema hivyo?

Mama anasema magemu ndiyo yaliyokuharibu. Nikimwambia ukweli, jina lako litasafishika, lakini atajua pia kwamba hukuwa na sababu ya kushuka kule. Nimekaa na jambo hili wiki nzima.

Nitamwambia. Kesho nachukua kompyuta ya kupimia na kiroba, nampeleka mama kwa dada yangu kule Turwa, kusiko na karasha. Nitazipima mbele yake moja baada ya nyingine, aone kwamba mwanawe alikuwa fundi.

Pumzika, kaka. Kwa yule mchomaji haitakwenda hata moja inayofanya kazi. Na mama akilia, nitakaa naye mpaka anyamaze.

Mwanafunzi wako,
Gati